Mtu Ambaye Mama Hakumcheka

Nilipokuwa mtoto kule Murungu, Kibondo, nilisifika kwa mambo mawili. Nilikuwa na nguvu za kubeba mkungu wa ndizi ambao wanaume wazima walikuwa wanauzunguka wakijikuna vichwa, na nilikuwa na mdomo. Nguvu zimepungua kidogo, mdomo upo. Shule sikusoma, lakini kukumbuka nakumbuka kuliko walimu wote wa pale chuoni Kasulu, na hili nalikumbuka mpaka harufu yake, maana lilikuwa na harufu ya ugoro.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa wakati wa mvua za kupandia maharage. Mvua ile haijarudi tena nchi hii. Mbuzi walikuwa wanaogelea, sikudanganyi, na mlima wa nyuma ya nyumba yetu ulikuwa umelowa mpaka ndani. Nilikaa kibarazani, mgongo ukutani, nasubiri vigelegele. Nikasikia mtoto analia, sauti ndogo ya kukwamakwama, halafu wanawake wote mle ndani wakanyamaza. Mkunga akatoka, akanawa mikono kwenye maji yaliyokuwa yanashuka kutoka kwenye nyasi za paa, akaenda zake bila kungoja uji.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenifungulia mlango.

Macho ya mtoto yalikuwa yameinama kwa pembeni, kama paa linavyoteremka huku na huku. Chini ya macho, pale ambapo mimi na wewe tuna mfupa wa shavu, yeye hakuwa na kitu, ngozi ilikuwa imepita tu. Kidevu kidogo, kimerudi nyuma. Sikio moja lilikuwa limejikunja kama uyoga uliokauka, na la pili ni kama lilianzwa halafu aliyekuwa analifinyanga akaitwa.

"Unaona nini?" Bibi akaniuliza.

"Namuona mtoto."

Msije mkanisifu bure. Nilikuwa sijawahi kuona mtoto wa siku ya kwanza. Nilidhani wote wanaanza hivyo halafu wanakaa sawa.

Kunyonya kulimshinda. Kidevu kilikuwa hakishiki titi. Mama akawa anakamua maziwa kwenye bakuli, anamdondoshea mdomoni kwa kijiko, tone baada ya tone, na mimi nashika bakuli. Nililishika vizuri kuliko meza. Akilazwa chali mtoto alikuwa anakabwa, anakoroma kama mzee. Mama ndiye aliyegundua, hakufundishwa na mtu, kwamba akimlaza kifudifudi juu ya kifua chake pumzi inapita. Basi mama akawa analala amekaa, kaegemea ukuta, mtoto kifuani. Kila nikiamka nawakuta hivyo hivyo, mama macho wazi, anasikiliza ile pumzi kama mtu anayesikiliza mlango.

Sasa kwetu Buha mtoto hazaliwi mara moja. Anazaliwa ndani, halafu siku nyingine anatolewa nje, na hiyo ya pili ndiyo inayomfanya mtu. Watoto wa majirani wanakuja na vijembe vidogo, wanalima kipande cha ardhi mbele ya mlango, kidogo kama mkeka. Wakimaliza wanawekewa maharage kwenye ungo mmoja, wanakula kwa kunyang'anyana, na kila mmoja anampa mtoto jina analotaka yeye. Ndipo mama anatoka naye, jua linamuona, watu wanampokea. Mimi nilikuwa nimeshakula maharage ya kila mlango pale Murungu, na majina niliyotoa yanatembea mpaka leo, mengine yana wajukuu.

Mdogo wangu hakutolewa. Siku yake ikapita, wiki ikapita, mwezi ukaandama, na mama yumo ndani tu.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, sijui mimi nilimrithi nani. Macho yake yalikuwa yameshuka pembeni siku zote kama ya mtu aliyetoka msibani, mpaka wenzake kilabuni walikuwa wanamtania, "Wewe, leo kakufia nani?" Anacheka, anakunywa. Lakini siku hizo alikuwa hata hacheki.

Bibi akaenda kwa mfumu, yaani mwaguzi, aliyekuwa anakaa upande wa juu wa kilima. Akarudi na maneno, akayasema kwa sauti ili majirani nao wasihangaike kutega masikio. Mfumu kasema mkamwana alipokuwa na mimba alimcheka mtu. Uso aliocheka ndio uliomjia. Amtafute aliyemcheka, apige magoti, aombe msamaha, na yule mtu ampulizie mtoto pombe ya ndizi kwa mdomo wake. Kabla ya hapo mtoto asitoke, mbingu isimuone. Mbingu ikimuona, maharage ya kilima kizima yatatoa majani matupu.

Ukitaka kuwagombanisha Waha, gusa maharage yao. Kuanzia siku hiyo majirani wakawa wanapita mbele ya nyumba yetu wakiangalia mlango kabla ya kuangalia shamba.

Jioni Bibi akakaa na mama jikoni, mimi na baba tukiota moto.

"Mkamwana, ulimcheka nani?"

"Sijamcheka mtu, mama."

"Kila mtu anacheka."

"Nimecheka, mama. Sijamcheka mtu."

"Kumbuka vizuri."

"Nakumbuka vizuri, ndiyo maana nasema."

Bibi akasogeza kuni, moshi ukatuingia machoni wote. Kisha akasema, taratibu kabisa, kama anayeomba chumvi, "Kama hapa kwangu hukumbuki, utarudi kwenu Kasulu ukakumbukie huko. Na huyu utamchukua."

Mama alimwangalia baba. Baba aliangalia moto. Mimi hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto akikosa kutoka nje, si yeye peke yake, na mama naye tutamkosa. Mimi, ambaye sijawahi kuogopa hata chui, na chui nilishakutana naye mara nyingi tu, nikasogea nikashika pindo la kanga ya mama.

Majirani ndio waliomkumbushia mama. Wakasema, atakuwa Ruhuza, ni nani mwingine. Ruhuza alikuwa mzee wa kijiji cha Kumsenga aliyekuwa anauza ugoro sokoni. Na kweli, uso wake ulikuwa vile: macho ya kushuka, mashavu hayapo, masikio ya kujikunja. Alikuwa anakaa peke yake mwisho wa soko, na ugoro wake ulikuwa mkali kuliko wote. Ukinusa Kibondo unapiga chafya mpaka Kakonko. Wanawake wenye mimba walikuwa hawampiti. Walikuwa wanasimama mbali, wanampa mgongo, wanajitemea mate kifuani, halafu wanamtuma mtoto akanunue.

Bibi alikuwa mtu wa ugoro. Kwa hiyo mama, na tumbo lake, alikuwa anasimama mbali na kutoa mgongo kama wenzake, na aliyekuwa anatumwa ni mimi. Mimi na mzee Ruhuza tulikuwa tunajuana. Nilikuwa namtolea habari zote za Murungu kwa kupiga kelele, kwa sababu alikuwa hasikii vizuri, na yeye ananiongezea kidogo kwenye karatasi.

Nikamwambia Bibi, "Mama hajawahi kumuona yule mzee usoni. Alikuwa anampa mgongo. Sasa kamcheka saa ngapi?"

Bibi akaniangalia. "Mgongo nao unacheka."

Mama akasimama, akamfunga mtoto vizuri kifuani. "Twendeni kwa huyo mzee," akasema. "Nitaomba msamaha wa kitu ambacho sikufanya. Nikitoka huko mwanangu atoke nje, hayo tu."

Baba alisema ana kazi shambani, wakati kwa mvua ile hata jembe lilikuwa halishikiki. Tukaenda watatu na mtoto. Bibi mbele na fimbo yake. Mama katikati, mtoto kafunikwa kanga gubigubi. Mimi nyuma, kuku mkono mmoja, kibuyu cha pombe ya ndizi begani, na mkono uliobaki namshikia mama ungo juu ya kichwa ili mbingu isipate pa kuchungulia. Mtanihesabia mikono mtaona imezidi. Basi nilivyobeba vyote najua mwenyewe.

Njia ya Kumsenga inapanda. Kila tukikutana na mtu Bibi alikuwa anajibu salamu kwa haraka na kuongeza mwendo. Katikati ya kilima, mama akasimama. Chini ya kanga pumzi ilikuwa imeanza kukoroma, ile ya kukabwa. Mama akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akafunua kanga, akamgeuza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, akampangusa pua kwa midomo yake mwenyewe.

"Mfunike," Bibi akasema.

"Anakufa, mama."

"Mbingu inamuona."

"Imuone," mama akasema. Akanigeukia. "Toa ungo."

Nikatoa. Bibi akainua kichwa, akaangalia juu muda mrefu, mkono umeziba mdomo. Mimi pia niliangalia. Kulikuwa na mawingu tu, yanakwenda upande wa Burundi kama kawaida yao. Mtoto alivuta pumzi, akapiga chafya ndogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mwanga wa nje, akakunja uso wote. Tukaendelea na safari uso wa mtoto ukiwa wazi, na Bibi safari hii akatembea ubavuni mwa mama badala ya mbele.

Ruhuza tulimkuta kibandani kwake anatwanga tumbaku. Majani mengine yalikuwa yananing'inia juu ya kichwa chake kama popo. Bibi alimwamkia kwa kupiga makofi ya heshima, akamsukuma mama kidogo kwenye bega, mama akapiga magoti.

"Ndugu Ruhuza," Bibi akaanza, "mkamwana wangu huyu alikucheka."

"Ee?"

"Alikucheka."

"Mnataka wa kunusa au wa kutafuna?"

Ilibidi Bibi apaze sauti. Jambo lililotakiwa kusemwa kwa kuinama likasemwa kwa kupiga kelele, mpaka majirani wa Ruhuza wakatoka na watoto wao wakasimama kando ya uzio. "Alikucheka. Alipokuwa na mimba. Amekuja kuomba msamaha."

Mzee akaacha kutwanga. Akamwangalia mama, akamwangalia tena. "Mimi huyu simjui."

"Ni yule anayesimama mbali," nikasema kwa sauti yangu, ambayo hata viziwi wa Kasulu wanaisikia. "Anakupa mgongo. Anayekuja kununua ni mimi."

Akanitambua, uso wote ukafunguka. "Aa, wewe mwenye maneno. Sasa huyu mama yako amekosa nini? Wote wananipa mgongo. Ningepigiwa magoti na wote, ningepata wapi muda wa kutwanga?" Maneno yake yalikuwa yanapitia puani kidogo, ilibidi usikilize. "Inuka, mama. Utalowa."

Mama hakuinuka. "Nisamehe tu, mzee. Mwanangu atoke nje."

Ndipo akaliona lile furushi. Akafuta mikono kwenye kaptula, akanyoosha. "Nipe nimuone."

Mama akampa. Nilidhani atashtuka, au atalia, au atacheka. Hakufanya chochote katika hayo. Alimshika yule mtoto kama mtu anayeshika kitu alichokipoteza na kuchoka kukitafuta. Akapitisha kidole chini ya jicho la mtoto, pale pasipo na mfupa, kisha akapitisha kidole kilekile chini ya jicho lake. Akagusa sikio la mtoto, akagusa lake. Watu wa uzioni wakanyoosha shingo waone.

"Mmetoka Murungu kwa nani?"

"Kwa Gwimo," Bibi akasema. Gwimo ni babu yangu, mume wake, alikuwa ameshafariki.

"Gwimo alikuwa na dada," Ruhuza akasema.

"Alikuwa naye. Waliniambia aliolewa Burundi kabla sijafika."

"Siku hizi Kumsenga ni Burundi?"

Bibi akatafuta pa kukaa. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mama yangu aliitwa Habonimana," mzee akasema, na sasa alikuwa anaongea na mtoto zaidi kuliko sisi. "Alizaliwa Murungu, kaka yake alikuwa Gwimo. Nilipozaliwa mimi kwa mume wake wakamwambia alimcheka mtu. Wakamfukuza, akarudi kwao, na kwao wakamwambia hivyo hivyo, nenda katafute uliyemcheka. Basi akawa anazunguka. Anaingia nyumba hii, anapiga magoti, anasema nisamehe kama nilikucheka. Wanamwambia hukunicheka, mama. Anaenda nyumba nyingine. Alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito, nikaanza kutembea naye kwa miguu yangu. Amefia hapa. Mpaka siku anakufa alikuwa bado anaulizia."

Mimi nilisahau hata kuku niliyekuwa nimemshika.

Bibi alinyoosha mikono, akamchukua mtoto kutoka kwa Ruhuza. Kumbe tangu azaliwe alikuwa hajawahi kumpakata, niliona alivyokuwa anamshika kama chungu cha moto. Akamwangalia macho. Akasema polepole, hakuwa anatuambia sisi, "Ni macho ya Gwimo. Nimezeeka na macho haya ndani ya nyumba, na mwanangu anayo. Nilijua ni huzuni tu."

"Sasa huyu mkamwana wako," Ruhuza akauliza, "atazunguka nyumba ngapi?"

Bibi alimrudishia mama mtoto, akafungua kitenge chake cha mabegani, akamfunika mama, maana magoti na mgongo vilikuwa vimelowa chapachapa. "Inuka, mwanangu," akasema. Miaka yote mama alikuwa mkamwana. Mwanangu nililisikia siku hiyo.

Nikakumbuka kuku, nikamsogeza. Mzee Ruhuza akakataa kwa kichwa. "Kuku wa kosa simli."

"Si wa kosa," Bibi akasema. "Ni wa mke wa mjomba wako, nimechelewa kumleta."

"Huyo namla."

Akachinjwa palepale. Na pombe alimpulizia mtoto vilevile, akisema ni ya ndugu. Mtoto akalamba midomo, akataka nyingine, na ukoo wetu hapo ukathibitika bila shahidi.

Mtoto akatolewa nje jua lilipopatikana. Ruhuza alikuja Murungu kwa miguu, amenyoa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mkubwa wa ukoo, na kweli ndiye alikuwa mkubwa. Majirani wengine waliwazuia watoto wao kwa sababu ya maharage. Wachache waliokuja walilima, lakini ungo ulipowekwa hakuna aliyesogea, wote wanamkodolea mzee macho. Nikaona siku inaharibika. Nikamwendea, nikamwomba ugoro kwa sauti ya kusikika na wote. Akanipa kidogo kwenye kucha. Nikavuta. Jamani, ile chafya ilitoa kuku darini, nikaanguka kwenye kile kipande tulichokilima, na watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nilipoinua kichwa, mzee naye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na mama alikuwa mlangoni na mtoto wake, anacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. Bibi akasema kuleni basi, tukaingia kwenye ungo.

Ukafika wakati wa majina. Mmoja akasema Mvua. Mwingine, aliyekuwa mlafi, akasema Maharage. Mimi nikasema Habonimana, yaani Mungu ndiye aonaye. Jina langu likashinda, kama ilivyokuwa siku zote, lakini siku ile nadhani hata ningekuwa bubu lingeshinda. Baba alitoka nyuma ya nyumba alikokuwa amejificha na kazi yake, akamchukua mtoto, akasimama naye juani. Nyuso mbili zile, macho yanashuka vilevile. Kilima kizima kiliona.

Na maharage? Mtu kama mimi angekwambia yalizaa mpaka tukayafukia. Ukweli ni kwamba yalikuwa maharage ya kawaida. Yalitosha.

Habo sasa ni mama mtu mzima, anashona nguo pale mjini Kasulu. Ukitaka akusikie simama mbele yake, usiongee kwa nyuma, na ukimpa kitambaa kibovu atakwambia bila kupepesa macho. Ruhuza tulimzika Murungu, kwa mjomba wake. Bibi alitaka hivyo, na alikuwa hai bado kuhakikisha.

Juzi juzi hapa binti yangu, aliyeolewa Kasulu, akajifungua. Nikapigiwa simu, nikapanda bodaboda, nikamwambia kijana anikimbize, tukaruka mashimo mengine bila kuyagusa. Nilipomuona mjukuu nilikaa chini. Ni yeye. Macho, mashavu, sikio.

Daktari wa pale ni kijana kutoka mkoa mwingine, mpole, anaongea Kiswahili cha kuoshwa. Akanieleza kwamba ni jambo la kuzaliwa nalo linalokwenda na ukoo: mifupa ya uso, ya mashavu na taya, haikui kama inavyotakiwa tangu tumboni. Linaweza kumpata mtu kidogo sana hata asijijue, halafu kwa mwanawe likaja zito. Akili haina shida, akasema, ila masikio mtayaangalia mapema, na hospitali kubwa kuna kifaa cha kuvaa kichwani kinachopitisha sauti kwenye mfupa. Kisha akanitazama mimi, akainamisha kichwa kama fundi anayekagua ukuta. "Mzee, hata wewe unalo kidogo. Macho yako."

"Daktari," nikamwambia, "macho haya ndiyo yaliyonipatia mke, na waliokosa bado wanalia."

Akacheka. Lakini nje, kwenye benchi, mama mkwe wa binti yangu alikuwa ananisubiri. Ni mwanamke mwema, ana duka la vitenge, hajawahi kumnyima mwanangu kitu. Akanivuta pembeni, akanong'ona.

"Baba, usinielewe vibaya. Muulize mwanao taratibu, wewe atakwambia. Alipokuwa na mimba alimcheka nani?"

Simu iko mkononi mwake, ya kupangusa kwa kidole, na swali ni lilelile. Nilikuwa na maneno ya kumjaza benchi zima. Nilikuwa na hadithi za kumliza. Nikaona binti yangu kupitia mlangoni, amekaa kitandani, shingo imenyooka kwetu, anasikiliza. Nikayaacha yote.

"Hajamcheka mtu," nikamwambia. "Niangalie mimi. Mtoto anafanana na mimi."

Aliniangalia kwa muda. Sijui aliona nini, lakini mkono wenye simu ulimshuka. "Kweli," akasema. "Anafanana na wewe." Akaingia ndani kumpokea mjukuu.

Yule mfumu wetu simlaumu sana. Alikosea kosa, lakini maneno yake yalitufikisha nyumba ya kweli. Ninayemfikiria ni Habonimana wa kwanza, ambaye sikumuona, anavyotoka mlango huu kwenda mlango ule na mtoto mgongoni, anaomba radhi kwa watu wasiomdai. Kilichohitajika ni mtu mmoja wa kumwambia mtoto wako anafanana na sisi, rudi nyumbani. Kaka yake, babu yangu Gwimo, alikuwa na jibu usoni mwake mwenyewe. Alikaa nalo kimya, akazeeka nalo, tukamzika nalo.